Sanamu Ndogo Ndani ya Pakiti ya Sigareti

Ndugu msomaji, utajiuliza juu ya nini, katika kitabu cha mila na desturi, mtu anakuja kuandika habari za vikaratasi ambavyo Wazungu walikuwa wanatumia kwa kuuzisha tumbako. Swali ni la haki. Lakini kukusanya sanamu nako ni desturi. Iko na mwanzo wake, iko na wazee wake, iko na sheria zake za kubadilishana, na watoto waliirithi kwa baba zao. Tena, mwisho wa habari hii njia inarudi mpaka kwetu Kongo, kwa namna ambayo mimi mwenyewe sikuitazamia nilipoanza kusoma mambo haya.

Sisi tuliolelewa katika kambi za watumikaji tunaijua vizuri pakiti tupu ya sigareti. Baba anamaliza, mtoto anaokota. Ile karatasi ya kungaa ya ndani tulikuwa tunaifanya pete na taji, na ule uso wa mbele wenye maandishi tulikuwa tunaukata kwa makasi na kuufanya karata za mchezo. Pakiti ya kila siku haikuwa na bei. Ile iliyotoka mbali, aliyoitupa mgeni au dereva wa lori, hiyo ilinunua tano za kawaida, wakati mwingine kumi. Hakuna mkubwa aliyetufundisha hesabu hizo. Kumbe watoto wa Richmond na New York walikuwa wanafanya biashara ileile mbele yetu, karibu miaka 90, na tofauti ni hii moja: kule, wale waliotengeneza sigareti walikuwa wanajua, na waliitia sanamu ndani ya pakiti kusudi.

Kazi ya kutoa sanamu bure kwa mnunuzi haikuanza na tumbako. Kule Paris, duka kubwa la Au Bon Marché lilikuwa linawapa watoto wa wateja sanamu za rangi, ili mtoto amvute mama arudi tena. Kampuni ya Liebig, iliyokuwa inapika nyama ya ngombe ya Uruguay na kuifanya supu nzito ya kuweka katika chupa, ilitoa karata nzuri sana kwa mafungu ya sita-sita, kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiflama na lugha zingine, kwa muda wa miaka karibu mia moja. Nyumba nyingi za Ubeleji zilikuwa na album ya Liebig. Kongo pia ilichorwa humo, na watoto wengi wa Wabeleji waliona mto wetu mara ya kwanza katika karata ya supu.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu ya ufundi mmoja, chapa ya mawe. Mjerumani Senefelder aliivumbua mwaka 1796: unachora kwa mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, unalowesha jiwe kwa maji, wino unashika pale penye mafuta tu. Baadaye mafundi waliongeza rangi, kila rangi na jiwe lake. Sanamu ya rangi kumi inataka mawe kumi, na karatasi ipite mara kumi, na kila mara ikae palepale, bila kuachana hata upana wa unywele. Ukichukua karata ya wakati ule na kuiangalia kwa kioo cha kukuza, utaona nukta ndogondogo za rangi, moja juu ya ingine. Ni kazi ya mikono yenye uvumilivu. Mi nasema hivi juu ya watu wanaodharau vitu hivi na kuviita takataka za matangazo.

Sasa tuingie katika tumbako yenyewe. Nyuma ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani (1861-1865), watu wengi kule walikuwa wanatafuna tumbako ao kuivuta katika kiko. Sigareti ilikuwa kitu kidogo, kitu cha watu wa mji. Katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, John Allen na Lewis Ginter waliamua kuitengeneza na kuiuzisha kwa wingi. Waliweka wasichana wengi mezani kusokota sigareti moja-moja kwa vidole. Msichana hodari alikuwa anasokota nne hivi kwa dakika moja. Pakiti ilikuwa ya karatasi laini, na mwanaume akiitia mfukoni, sigareti zinavunjika. Njo maana wakatia ndani kipande cha karatasi ngumu, cha urefu wa sentimeta 7 hivi na upana karibu sentimeta 4, kwa kukaza pakiti. Mwanzo ilikuwa ni hiyo tu, kukaza. Halafu wakaona: kama karatasi iko pale na imeshalipiwa, kwa nini ikae nyeupe? Wakaweka sanamu upande mmoja, na upande wa pili wakaandika majina ya sanamu zote za fungu hilo.

Ile orodha ya nyuma ndiyo ilikuwa mtego. Mtu anapata sanamu moja, anaigeuza, anasoma kwamba ziko 50. Hapo usingizi umekwisha. Na huwezi kuchagua, pakiti imefungwa, unanunua bila kujua kama utapata mpya ao utapata ileile uliyo nayo tayari mara tatu. Allen & Ginter waliongeza jambo lingine: atakayekusanya vikuponi vya kutosha na kuvituma kwao, watamletea album nzima iliyochapwa vizuri. Sanamu zao nyingi zilichapwa na nyumba ya Lindner, Eddy & Claus ya New York, na mpaka leo wakusanyaji wanasema hakuna aliyezipita kwa uzuri. Mwaka 1887 walitoa fungu la mabingwa wa dunia, 50: wapiga ngumi, wapiga kasia, wacheza baseball, wapiga shabaha. Mwanamke Annie Oakley, aliyekuwa anapiga bunduki kuwashinda wanaume wengi, yumo pamoja na Buffalo Bill. Walitoa pia ndege wa Amerika, bendera za mataifa, hata majambazi wa bahari.

Lakini shindano kubwa lililetwa na mashini. Mwaka 1875 hivi Allen & Ginter waliahidi zawadi ya dola 75.000 kwa mtu atakayevumbua mashini ya kusokota sigareti. Kijana wa Virginia, James Bonsack, aliacha masomo na kujifungia na vyuma. Mashini yake ya kwanza iliungua na moto katika mji wa Lynchburg mwaka 1880. Tafadhali shika jina la mji huo, tutalirudilia. Akaanza tena, na mwaka 1881, akiwa na umri wa miaka 21, akapata hati ya uvumbuzi. Mashini ilitoa kamba moja ndefu ya sigareti na kuikata vipande, karibu 200 kwa dakika, kazi ya wasichana karibu 50. Hata hivyo Allen & Ginter waliijaribu na kuikataa. Waliogopa kwamba wanunuzi wanapenda sigareti ya mkono.

Mtu mwingine hakuogopa. Jina lake James Buchanan Duke, wa Durham, Carolina ya Kaskazini, mtoto wa mkulima. Mwaka 1884 alichukua mashini ya Bonsack, na fundi wake akaishughulikia mpaka ikakubali kutumika siku nzima bila kusimama. Sasa Duke alikuwa na shida ambayo wafanyabiashara wachache waliijua mbele yake: vitu vingi kupita wanunuzi. Mashini ilikuwa inatapika sigareti, na watu wa kuzivuta hawakuwapo. Basi ikabidi watengenezwe wavutaji, sawa vile sigareti zilivyotengenezwa. Njo pale sanamu ikaacha kuwa karatasi ya kukaza pakiti. Ikawa silaha.

Duke alimwaga feza kwa matangazo. Alitia ndani ya pakiti sanamu za waigizaji wanawake, na kwa wakati ule mwanamke aliyeonyesha mguu mpaka goti ilikuwa jambo la kusimamisha njia. Alitia vijitabu vidogo kama kidole gumba, fungu la mwaka 1888, vyenye maisha ya vijana maskini waliogeuka kuwa matajiri. Wazo la werevu mno, kumuuzishia kijana maskini tumbako pamoja na ndoto ya kuacha umaskini. Goodwin & Co. wa New York wakajibu kwa foto za kweli za wacheza baseball katika pakiti zao za Old Judge, kutoka 1886 mpaka 1890, foto zaidi ya elfu mbili za namna mbalimbali. Wachezaji walipigwa foto ndani ya studio, mpira umening'inizwa kwa uzi hewani ili uonekane kana kwamba unaruka. Ukiangalia vizuri uzi unaonekana. Kinney naye akatoa, Kimball naye akatoa. Kila mmoja alikuwa analipa zaidi kwa sanamu kuliko alivyotaka, na hakuna aliyeweza kuacha wa kwanza.

Na watoto? Watoto walisimama mbele ya maduka na kuwaomba wanaume waliotoka: bwana, nipe sanamu. Wengine hawakungoja kuomba, walinunua pakiti wenyewe, na kwa kuwa sigareti zilikuwa ndani na moto ulikuwa karibu, unajua mwenyewe. Walimu na wachungaji walilalamika, na majimbo mengi yalitunga sheria za kukataza kuwauzishia watoto sigareti. Lakini lawama iliyonigusa zaidi ilitoka nyumbani kwa Duke mwenyewe. Mwaka 1894 baba yake, mzee Washington Duke, mtu wa kanisa, alimwandikia mtoto barua ya kumlalamikia juu ya zile sanamu za wanawake. Aliona zinaharibu tabia za vijana. Kwa desturi zetu, mzee akisema vile mbele ya ukoo, mtoto anainama. Sijui kama kuna baraza la wazee lililoweza kumwinamisha Duke wakati ule, maana tangu 1890 alikuwa tayari amewameza washindani wake. Makampuni matano, Duke, Allen & Ginter, Kinney, Kimball na Goodwin, yaliungana kuwa American Tobacco Company, na Duke, umri miaka 33, akawa raisi. Kisha ona jambo hili: sanamu zikaanza kupunguka. Kama hakuna mshindani, kwa nini ulipe mchoraji? Wakusanyaji wa Marekani walikaa karibu miaka kumi na kitu bila karata nyingi za maana, mpaka vita ya makampuni ilipowaka upya. Mwaka 1911 mahakama kuu ya inchi ile iliivunja kampuni ya Duke kwa kosa la kuhodhi soko.

Uingereza sitakaa sana. W.D. & H.O. Wills wa Bristol nao waliichukua mashini ya Bonsack mapema, na John Player wa Nottingham alitoa fungu lake la majumba na monasteri za kale mwaka 1893. Waingereza walipenda karata za kufundisha: meli, askari, wanyama, miji. Watoto wengi wa maskini ambao nyumbani hapakuwa na buku hata moja walijifunza jiografia ndani ya pakiti za baba zao, na hilo nalo tusilifiche. Duke alipovuka bahari kuwapiga, Waingereza waliungana mwaka 1901, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana, zikazaa British-American Tobacco, ambayo jina lake wavutaji wa Afrika wanalijua bila kufundishwa.

Sasa nirudi kwenye sanamu zenyewe, kwa maana hapo ndipo moyo wangu ulikwama. Nani alichorwa?

Mwaka 1888 Allen & Ginter walitoa fungu la machifu 50 wa wenyeji wa Amerika. Ni sanamu nzuri kupita zote, manyoya, shanga, rangi za uso, kila kitu kimechorwa kwa heshima ya macho. Sitting Bull yumo. Geronimo wa Waapache yumo. Lakini siku zile mtu alipokuwa anafungua pakiti na kufurahi kumpata Geronimo, Geronimo mwenyewe alikuwa mfungwa. Alijitoa mikononi mwa askari Septemba 1886, akapelekwa mbali na inchi yake, na alikaa mfungwa wa vita mpaka kufa mwaka 1909. Sitting Bull aliuawa na polisi Desemba 1890, miaka miwili tu nyuma ya karata yake. Walipokuwa na nguvu watu waliwaogopa. Walipofungwa, wakawa wazuri wa kutia mfukoni.

Mwaka huohuo, Kimball wa Rochester alitoa fungu lake la machifu na watawala 50 wa mataifa mbalimbali, na jina aliloliandika juu ya fungu hilo ni kwamba hao ni watawala washenzi na nusu-washenzi. Nililisoma mara mbili. Ilikuwa 1888. Mkutano wa Berlin ulikuwa umekwisha miaka mitatu mbele. Tippu Tip alikuwa amefanywa mkubwa wa Stanley Falls kwa jina la Leopold. Msiri alikuwa bado anatawala Bunkeya, anapokea wageni, anauzisha shaba na pembe, na alibaki na miaka mitatu ya kuishi mbele ya kupigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Simaanishi kwamba machifu wetu walikuwa katika karata zile. Ninasema tu kwamba kijana wa Rochester aliyekuwa anavuta sigareti zake alikuwa anapewa jina la watu mbele ya kukutana nao, na jina hilo lilikuja bure pamoja na tumbako, halafu likabakia kichwani nyuma ya moshi kwisha. Mtu anaweza kusema: ilikuwa mchezo tu. Ndiyo, na vitu vya mchezo ndivyo vinavyofundisha bila mtu kujilinda.

Karata hizi zingepotea kama si mtu mmoja mgonjwa. Jefferson Burdick wa Syracuse, mtumikaji wa kiwanda cha vyombo vya umeme, hakuwa tajiri na hakuoa. Alikuwa na ugonjwa wa viungo uliokuwa unamkunja vidole. Alizipanga karata zote za Marekani katika kitabu na kuzipa namba: herufi N kwa karne ya 19, T kwa karne ya 20. Mpaka leo mkusanyaji akisema N28 wenzake wanajua ni wale mabingwa wa 1887. Alitoa mali yake yote, zaidi ya vipande 300.000, kwa Metropolitan Museum ya New York, na kwa miaka 15 hivi alikuwa anazibandika mwenyewe katika album kwa vidole vile vibovu. Alimaliza Januari 1963, akaingia hospitali, akafa Machi. Kule Uingereza Edward Wharton-Tigar, mtu wa makampuni ya madini, alikusanya zaidi ya milioni moja na kuziacha kwa British Museum. Watu wa Katanga watacheka kusikia kwamba mtu wa madini alikuwa anakusanya karatasi.

Leo karata moja ya mcheza baseball Honus Wagner, ya miaka 1909-1911, iliyokuwa inatoka bure katika pakiti, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7 na robo. Wagner alikataza sanamu yake isiendelee kuchapwa. Wengine wanasema hakutaka watoto wanunue tumbako juu yake, wengine wanasema alitaka alipwe. Sababu yoyote ile, yeye alikuwa na kinywa cha kukataa na watu wakamsikiliza.

Geronimo alipata njia yake ndogo. Mwaka 1904 alitolewa kifungoni na kupelekwa katika maonyesho makubwa ya St. Louis. Huko alikuwa anauzisha foto zake mwenyewe senti 25 moja, na katika hizo aliruhusiwa kushika senti 10. Katika maonyesho hayohayo kulikuwa na kijana kutoka kwetu, Ota Benga, wa watu wa pori wanaoitwa Mbuti. Inasimuliwa kwamba askari wa Leopold waliua jamaa yake, na kwamba Mmarekani Samuel Verner alimpata mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, akamtoa kwa chumvi na kitambaa. Meno yake yalikuwa yamechongwa, uzuri wa kwao. Wamarekani walimtangaza kuwa mla watu. Yeye naye akaanza kulipisha: senti 5 kuona meno. Inasemwa pia kwamba Geronimo alimpenda kijana huyo na kumpa kichwa cha mshale.

Mwaka 1906 walimweka New York katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx. Wachungaji weusi walipinga mpaka akatolewa. Wenye bustani hiyo walikuja kuomba radhi mwaka 2020. Januari 1910 alipelekwa kukaa Lynchburg, Virginia, mji uleule ambamo mashini ya kwanza ya Bonsack iliungua. Wakamfunika meno, wakamvalisha suruali na koti, wakamfundisha Kiingereza. Kisha akaingia kutumika kazi katika kiwanda cha tumbako. Watumikaji wenzake walimpenda, maana alikuwa anapanda miti ya kukaushia mpaka juu bila ngazi na kuteremsha majani. Walimwita Bingo. Wakimpa mkate na kinywaji, alikuwa anawasimulia habari za maisha yake.

Alitaka kurudi nyumbani. Vita ya 1914 ilifunga njia za meli. Tarehe 20 Machi 1916 aliyatoa mafuniko ya meno, akawasha moto, akajipiga risasi.